Subaru ya mzee na Subaru ya shemeji

Najua nimeadimika. Kazi hizi za kukimbizana na habari mnazijua wenyewe, ukiachwa siku moja umeachwa wiki nzima. Ila safari hii nina sababu. Wiki mbili zilizopita nilipanda Lushoto kumsalimia mama, nikarudi Dar na kiroba cha karoti, mafua, na swali ambalo limeninyima usingizi. Swali lenyewe ni la gari.

Wanaonifahamu wanajua kwamba sina gari. Napanda mwendokasi, nabanwa mlangoni kama wananchi wengine. Lakini nimekulia kwenye nyumba yenye gari moja lililoheshimiwa kuliko baadhi ya wajomba zangu. Ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 1993, nyeupe, ina tundu la kuvutia hewa juu ya boneti. Marehemu baba aliinunua mwaka 2003, tayari ina miaka kumi. Baba kaondoka mwaka 2022, gari limebaki. Limefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Fundi aliyekuwa rafiki yake huja kuliwasha kila mwezi, na kuku wameamua kwamba chini yake ndipo pa kutagia.

Sasa mdogo wangu wa mwisho ana miaka 22. Chuo kamaliza, leseni anayo, na anataka ufunguo. Mama amekataa kuutoa mpaka mimi niseme neno. "Wewe ndiye kaka yao, na wewe ndiye unayelijua lile gari," aliniambia kwenye simu. Nilikaa kimya. Mama angejua ninalijua kwa namna gani, nadhani asingeniuliza. Nitafika huko, vumilieni.

Ikatokea kwamba shemeji yangu, mume wa dada, naye alikuwa anapanda Lushoto wikiendi ileile. Shemeji ni mtu wa Subaru kama baba, tofauti yao ni miaka. Yeye ana WRX S4 ya mwaka 2015, ya bluu, aliyoiagiza Japani. Akaniambia, "Twende wote, tutapokezana usukani." Kwa hiyo ndani ya siku tatu niliendesha magari mawili ya ukoo mmoja, yaliyopishana miaka 22, kwenye barabara ileile. Wapo watu wangelipa pesa kwa bahati kama hiyo.

Kwa wale msiofuatilia mambo ya magari, ngoja niwape historia kidogo, maana bila hiyo mtaniona nabishana na vyuma.

Impreza WRX ilitoka Japani mwaka 1992. Haikutengenezwa kwa ajili ya kupeleka watoto shule. Ilitengenezwa kwa sababu Subaru walitaka kushinda mashindano ya mbio za magari ya dunia, na kanuni za wakati ule zilidai kwamba gari la mashindano litokane na gari ambalo kweli linauzwa madukani, tena kwa maelfu. Maana yake ni kwamba ukitaka gari kali la mashindano, ilibidi kwanza umuuzie raia gari kali. Ndiyo maana mtu wa kawaida, mwenye mke na madeni, aliweza kununua gari dogo la milango minne lenye injini ya lita 2, tabo, na nguvu za farasi 240 zinazopelekwa kwenye magurudumu yote manne. Gari lenyewe lilikuwa na uzito wa kama kilo 1,200 tu.

Na walishinda. Colin McRae alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1995 akiwa na Impreza, Richard Burns mwaka 2001, Petter Solberg mwaka 2003. Kwa upande wa timu, Subaru walibeba ubingwa mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Sisi huku jambo hili lilitugusa kwa sababu ya Safari Rally. Yale mashindano yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo wazee wetu wana haki ya kuyaita yao hata baada ya kubaki Kenya peke yake. McRae alishinda Safari ya 1997 na Impreza, Burns akashinda ya 2000.

Baba alikuwa fundi umeme wa magari, na miaka ile alikuwa akifanya kazi Nairobi. Hiyo ya 1997 aliiona kwa macho yake, kasimama pembeni ya barabara na vumbi limemjaa hadi masikioni. Alitusimulia mara nyingi mno. Kila alipofika kwenye ile sehemu ya gari la bluu kuruka, alinyanyua mkono na kuushusha taratibu mezani, vikombe vya chai vikatikisika, mama akaguna. Miaka sita baadaye alipopata pesa kidogo, hakununua kiwanja. Akanunua ile nyeupe. Mama aliguna zaidi.

Haya. Turudi barabarani.

Tulitoka Dar alfajiri. Shemeji aliendesha hadi Chalinze, nikashika mimi. Cha kwanza, gari linaongea Kijapani. Ukiwasha tu, sauti ya dada mmoja inakusalimia kwa heshima zote na kukuambia jambo ambalo si mimi wala shemeji tunalolielewa. Shemeji huwa anamjibu "Marahaba". Cha pili, hakuna klachi. Gia zake ni za kujibadilisha zenyewe, za ule mtindo wa kisasa ambao hazina hata hatua unazozisikia, mshale unapanda tu kama maji kwenye ndoo. Nguvu za farasi ni 300, uzito ni kama kilo 1,540. Kwa hiyo limezidi lile la baba kwa farasi 60, na limelizidi kwa zaidi ya kilo 300, sawa na kubeba watu wanne wazima siku zote hata ukiwa peke yako.

Lakini huzihisi hizo kilo. Hilo ndilo la ajabu. Ukikanyaga, linaondoka mara moja, halisubiri. Limetulia barabarani kama kabati. Upepo husikii, shimo unalisikia kwa mbali kama vile ni la jirani. Juu ya kioo cha mbele kuna kamera mbili, kama macho mawili, zinatazama barabara pamoja na wewe. Ukivuka mstari bila kuwasha taa, linakupigia kelele. Ukimsogelea sana aliye mbele, linakupigia kelele. Na usiposikia, linafunga breki lenyewe.

Nilikuja kulijua hilo la mwisho tukiwa tunakaribia Korogwe. Shemeji kalala, kiti kakilaza nyuma. Barabara imenyooka, mwendo ni wa kawaida tu, na mbele yangu kuna Noah. Nikaona wale akina mama wanaouza machungwa pembeni, yamepangwa mafungu mafungu, nikawa nawaza nimchukulie mama. Nasema ukweli, niliangalia machungwa kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Noah nayo ikayaona machungwa, ikapunguza mwendo ghafla.

Sikuwa nimeiona. Nilichosikia ni mlio, kisha gari likajishika lenyewe, mkanda ukanibana kifua, na ndipo mguu wangu ukakumbuka breki iko wapi. Tulisimama na nafasi ya kupita mtu mmoja mwembamba. Yule wa Noah wala hakujua. Akashusha kioo, akaanza kuulizia bei.

Shemeji akashtuka. "Kuna nini?"

"Hamna kitu, shem. Lala."

Akalala. Na mimi nikaendelea kuendesha, mikono inatetemeka, huku nikijisikia vibaya kwa sababu ambayo haikuhusiana na Noah. Ile "hamna kitu" niliijua. Niliwahi kuitumia sehemu nyingine, barabara ya mbele kidogo tu kutoka pale.

Mombo tulikata kulia, tukaanza kupanda. Waliofika Lushoto wanaijua ile barabara, kilomita 30 na kitu za kona. Upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na lami yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba mkikutana na basi mnajadiliana kwa macho nani arudi nyuma. Joto la Mombo linakuacha kona kwa kona. Ukifika Soni, kwenye maporomoko, unaanza kutafuta sweta. Gari la shemeji lilipanda pale kana kwamba hakuna mlima. Kompyuta zinapima kila gurudumu, likianza kuteleza linashikwa breki kidogo, nguvu inahamishiwa kwa mwenzake. Dereva kazi yako ni kuelekeza tu. Nilifika juu nikiwa sina jasho, nikajiona hodari sana. Kwamba sikuwa nimefanya chochote nililiwaza baadaye, wakati wa chai.

Asubuhi iliyofuata tukalifunua lile nyeupe. Kuku walilalamika. Fundi alikuwa amekuja, ameangalia mafuta, maji, upepo. Dogo alikuwa ameamka kabla ya adhana, ameliosha hadi mataa yanang'aa. Alikaa kiti cha kushoto, mimi nikashika usukani, tukasema tutashuka hadi Soni na kurudi. Mama alisimama barazani kajifunga khanga, hakusema kitu.

Nililiwasha. Wadau, kama hamjawahi kusikia ule mlio sijui niwaelezeje. Injini ya Subaru haijasimama kama za wengine, imelala. Pistoni mbili zinapiga kushoto, mbili kulia, kama mabondia wanaogonganisha glavu. Kwenye zile za zamani mabomba ya moshi ya upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili, kwa hiyo moshi hautoki kwa mpangilio sawa, unatoka kwa kudundadunda. Ndiyo ule mngurumo ambao ukipita Sinza usiku mtu anajua ni Subaru bila kuchungulia dirishani. Kwenye gari la shemeji mabomba yamesawazishwa ili tabo ifanye kazi vizuri zaidi. Wahandisi walikuwa sahihi. Ila mngurumo ndiyo umekwenda hivyo, lile jipya linavuma kama feni nzuri.

Kuna tofauti nyingine hazipo kwenye karatasi za wauzaji. Nguzo za madirisha kwenye la zamani ni nyembamba, unaona nje pande zote, kwenye kona unaona hadi mtoto aliyechutama anafunga kamba za viatu. Kwenye jipya nguzo ni nene, maana zimebeba mifuko ya hewa na zimetengenezwa kuhimili paa gari likibiringika, kwa hiyo unapata usalama na unapoteza kipande cha dunia. Usukani wa zamani ni mzito, na kila kokoto unaloligusa linakuja hadi viganjani. Wa jipya unasaidiwa na mota ya umeme, ni mwepesi na msafi, kokoto unaziacha huko huko barabarani.

Breki? Hapo tusidanganyane. Lile la baba halina kile kifaa cha kuzuia tairi zisijifunge. Ukikanyaga sana kwenye lami iliyolowa, tairi zinafunga na gari linaendelea na safari yake, wewe ukiwa abiria. Halina mfuko wa hewa hata mmoja. Milango yake ukiifunga inalia kama kopo la biskuti.

Kwa upande wa matengenezo mambo yamechanganyika. La zamani lina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kila baada ya kama kilomita 100,000, ukisahau ukakatika, pistoni zinagonga vali, na hapo umenunua injini. La shemeji lina mnyororo, hana wasiwasi huo. Lakini la zamani fundi wa baba anaweza kulisikiliza, akachomoa plagi, akainusa, akakuambia tatizo. La shemeji likiwasha taa ya onyo, kwanza unatafuta mtu mwenye kompyuta, halafu unatafuta sensa, halafu unatafuta pesa.

Tabo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonileta hapa. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini. Kwenye magari ya zamani hiyo feni inachelewa kuamka. Unakanyaga mafuta, hakuna kitu. Unaendelea kukanyaga, hakuna kitu. Injini ikipita mizunguko 3,000 hivi, zinakuja zote kwa pamoja, kama mtu aliyesukuma mlango ambao mwenzake alikuwa ameushikilia kwa ndani. Kwenye gari la shemeji wameipunguza hiyo hali sana, nguvu inakuja mapema na kwa ustaarabu.

Tulishuka taratibu. Dogo anatabasamu tangu getini. Tukageuka Soni, tukaanza kupanda kurudi, na kwenye kona moja inayokunja kushoto, mlima ukiwa upande wa ndani, akaniambia, "Kaka, si hapa ndipo ulipomkwepa yule bodaboda?"

Ndipo.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 18. Baba alikuwa amesafiri, mama yuko sokoni, ufunguo uko kwenye kabati la vyombo. Dogo alikuwa na miaka 10, alining'ang'ania, nikampakia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Tairi za nyuma zilikuwa zimekwisha na nilijua, kwa sababu baba alikuwa amezilalamikia mezani wiki ile ile. Kupanda kutoka Soni nilitaka dogo asikie tabo. Nilianza kukanyaga katikati ya kona. Ikachelewa. Nikaongeza. Ilipokuja, tairi za mbele zikashindwa, gari likaanza kutanuka kuelekea upande wa bonde. Nikaogopa, nikaachia mafuta yote kwa mpigo. Msiofahamu, hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Uzito wote unahamia mbele, nyuma panakuwa pepesi, na mkia ukatoka. Pua ikageukia ndani. Tukapiga ukingo wa mlima kwa ubavu wa mbele kushoto, upande aliokaa dogo.

Alivunjika mkono. Laiti kona ile ingekunja kulia, mlima ungekuwa upande wa nje na bonde upande wa ndani, na mimi nisingekuwa naandika hapa.

Watu walipokuja nilisema nilikuwa nakwepa bodaboda. Sijui neno lile lilitoka wapi, lilikuwa tayari mdomoni. Mama alilipokea, akalibeba, na hadi leo akiona kijana wa bodaboda anaenda kasi anasema, "Ndio hao walitaka kuniulia watoto." Nimemsikia akisema hivyo mara nyingi, na kila mara nimeangalia pembeni.

Baba aliporudi hakupiga kelele. Alikwenda pale kwenye kona kwa miguu, peke yake. Aliporudi aliniita nyuma ya nyumba, akasema, "Nimeona alama za tairi. Hakuna aliyekukwepesha." Basi. Hakumwambia mama, hakunirudia tena hadi anafariki. Ila likizo yangu yote niliimaliza chini ya lile gari pamoja na fundi, nanyoosha bati, na aliyenifundisha mambo ya tabo, uzito kuhamia mbele, na tairi zilizokwisha ni yeye baba, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi yeyote. Nilikuwa najua kwamba ananieleza nilichofanya. Naye alijua kwamba najua.

Nawaeleza haya kwa sababu ya ule ubishi wa vijiweni ambao nimeushiriki miaka yote. Kwamba magari ya zamani yana roho, ya sasa ni friji zenye magurudumu. Kwamba Subaru waliuza utu wao. Ushahidi upo ukiutaka. Walijiondoa kwenye mashindano ya dunia Desemba 2008. Mwaka 2019 walihitimisha uuzaji wa ile injini maarufu ya lita 2 huko Japani kwa toleo la mwisho la magari 555 tu, wanunuzi wakapatikana kwa kupigiwa kura. Mwaka 2022 wakatangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na lile toleo kali la STI la injini ya petroli. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19, Subaru hawakuwepo kabisa kwenye daraja la juu. Ukiyapanga hivyo, hadithi inajiandika yenyewe, zamani nzuri, sasa mbaya.

Lakini mimi nimeendesha yote mawili ndani ya siku tatu, na nimekosea kwenye yote mawili. Kosa langu la Korogwe halikuwa dogo kuliko la Soni, lilikuwa la kizembe zaidi. Tofauti ni gari nililokuwemo. Lile la 1993 lilinionyesha kosa langu palepale na kulitoza kwa mkono wa mtoto. Lile la 2015 lililipa deni kimyakimya na kuniacha niendelee kujiona dereva. Nikiambiwa nichague moja la kumbebea mdogo wangu wa miaka 10, sitafakari hata sekunde. Hiyo roho tunayoisifia tunaisifia sisi tuliotoka salama.

Na bado siwezi kusema lile la zamani halina thamani. Kila ninachojua kuhusu gari nilijifunza ndani yake na chini yake. Dereva anayejifunzia kwenye gari linalomsamehe kila siku anaweza kufika miaka 40 hajui anakoseaga wapi. Na hata hilo jipya halisamehi yote. Kamera haioni vizuri kwenye ukungu, na Lushoto ukungu si mgeni.

Niliegesha pale pale juu kidogo ya kona, penye nafasi. Nikazima injini. Nikamwambia dogo, "Hapakuwa na bodaboda."

Akacheka. Akadhani natania. Nikamrudia, nikamweleza yote, tairi, tabo, mguu, uongo. Alinyamaza. Akawa anaushika ule mkono wake wa kushoto, sijui kama alijua kwamba anaushika. Halafu akasema kitu ambacho ndicho kinachoninyima usingizi. "Kaka, mimi miaka yote nilikuwa najiambia, nikipata lile gari nitajifunza kukwepa kama wewe."

Miaka 12 alikuwa anajiandaa kufanya nilichofanya mimi, akiamini ni ushujaa.

Tulirudi nyumbani polepole, gia ya pili karibu njia nzima, hatukuongea. Shemeji alikuwa barazani anakunywa chai na mama. Naye nilimwambia juu ya Noah. Akaliangalia gari lake, akaniangalia mimi, akasema, "Kumbe siku ile dada wa Kijapani alikuwa anakusema wewe." Hapo ndipo dogo alipocheka tena.

Mama sijamwambia bado. Nimejipa hadi mwisho wa mwezi huu, na nimeliandika hapa makusudi ili nisije nikapata pa kujificha, maana najua dada anasoma.

Kuhusu ufunguo, neno langu nimelitoa. Dogo atapewa. Kwanza tairi nne mpya, si mbili. Mikanda ya viti ibadilishwe, ile ya sasa imechakaa. Mabomba ya breki yafumuliwe yote, na mkanda wa taimingi ubadilishwe, maana hakuna anayekumbuka uliwekwa lini. Fundi ameshaniandikia bei za spea, nitazunguka Ilala kuzitafuta, na gharama ni zangu. Halafu nitapanda tena, tutakwenda kwenye uwanja wa vumbi kule chini Mombo, pasipo na bonde wala mtu, na nitakaa kiti cha kushoto. Atakanyaga, tabo itachelewa, itakuja, mkia utatoka. Atajua mwenyewe kwa kiganja na makalio yake jambo ambalo mimi nilimficha kwa maneno.

Kwenda kazini na kurudi, atapanda basi kama mimi.

Haya wadau, mafua yananisumbua, niishie hapa. Ukiwa na gari la zamani nyumbani, angalia tairi zako leo kabla hujalala. Na ukiwa na hadithi ya zamani nyumbani, basi... nayo iangalie.